Bahasha Kumi na Saba za Manowari

Pa! Halafu kimya kidogo, muhuri ukirudi kwenye pedi ya wino. Pa! tena. Mwanangu, mlio ule ninao masikioni mpaka leo, na ninaikumbuka siku ile kuliko siku niliyoolewa. Mume wangu akisoma hapa anisamehe.

Nilihesabu mara kumi na saba. Afisa mtendaji wa mtaa wetu alikuwa ameketi, shati limepigwa pasi vizuri, anachukua bahasha mojamoja kutoka kwenye kisanduku changu cha bati, anaigonga muhuri wa ofisi, anaiweka upande wa pili wa meza. Hana haraka hata kidogo, utadhani mtu anapanga maandazi kwenye sinia. Mimi nimesimama hatua mbili kutoka hapo, na kila akigonga bega langu linaruka. Zilikuwa bahasha zangu. Zilikuwa zimetoka kwenye manowari, meli ya kivita, zimevuka bahari mpaka zikafika Songea, na sasa zinagongwa IMEPOKELEWA kwa wino wa zambarau.

Ngoja nirudi nyuma, nisikupoteze.

Kwanza, mimi siyo bibi. Sina mvi hata moja, na ile moja niliyokuwa nayo nimeing'oa. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na kwetu mtoto wa dada ni wako kabisa, unamlisha na kumkemea bila kuomba ruhusa. Mama yako amenipigia simu akasema kuna kitu unakipenda, watu wanakucheka, na sasa unataka kukiacha. Hakuniambia ni kitu gani, nami sikumuuliza. Hata kiwe nini, ninalo la kukuambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kidato cha nne nilikimaliza kwa matokeo ambayo hatuyataji mezani, nikapata kazi ya kutoa fotokopi kwenye duka la steshenari pale Bombambili. Kazi yenyewe unaijua: vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi, vitambulisho mbele na nyuma. Mimi huku mashine inavuma, akili yangu ilikuwa inatembea nchi za watu. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana. Mama yangu, yaani bibi yako, alikuwa akinipita pale dukani na ndoo yake ya maandazi ananiambia, "Skola, rudi. Umefika wapi leo?"

Basi asubuhi moja ya baridi ile ya mwezi wa sita akaingia mzee mmoja wa Mshangano, Mzee Gaudensi. Alikuwa karani wa posta miaka mingi, akastaafu. Nikamwamkia, akaitika, akaniwekea bahasha kwenye kioo cha mashine kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Akasema nisibonyeze kifuniko kwa nguvu. Nikachungulia. Kulikuwa na stempu ya nchi ya mbali, na juu yake muhuri wa duara uliokamata nusu stempu nusu bahasha, na katikati ya duara, tarehe na jina la meli.

"Hii imetoka melini, babu?"

"Imetoka kwenye manowari. Manowari kubwa ina posta yake humohumo ndani, na karani wake, na muhuri wake. Kama mji."

Mwanangu, nilisahau kubonyeza kitufe. Karani wa posta, anaelea! Watu nyuma walianza kunung'unika.

Toka siku hiyo kila Jumapili baada ya misa nilikuwa Mshangano kwa Mzee Gaudensi. Alinieleza kwamba ujanani, akiwa kwenye meza ya kuchambua barua, bahasha ya manowari hiyo ilipita mkononi mwake. Haikuwa yake, kwa hiyo aliipeleka ilikokuwa inakwenda kama kazi ilivyotaka. Lakini ilimuuma. Ndipo akajifunza namna ya kupata ya kwake. Unaandika barua ya heshima kwa karani wa posta wa meli. Ndani ya barua unaweka bahasha nyingine tupu, uliyoiandika anwani yako mwenyewe na kubandika stempu ya nchi yao. Karani akipenda, anaigonga muhuri wa meli, anaitia kwenye mfuko wa barua, inarudi kwako. Asipopenda, hairudi. Unangoja miezi. Stempu za kwao Mzee alibadilishana zamani na rafiki yake wa kalamu wa nchi hiyo, akazitunza.

Jina la manowari hiyo lilikuwa refu la kigeni, lilitushinda kulitamka sote wawili, tukaiita Bibi Mkubwa. Bibi Mkubwa yuko wapi sasa? Tunatazama tarehe na bandari, tunafungua ramani. Mimi ambaye maji makubwa niliyowahi kuyaona ni Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay, tena mara moja, nikiwa nimebebwa mgongoni.

Bahasha ya kwanza kuja kwa jina langu ilipofika nililia pale kwenye dirisha la posta. Mama akaisambaza habari mtaani kwa mdomo wake mwenyewe: "Wenzake wanaandikiwa na wanaume, wangu anaandikiwa na meli."

Sasa sikia kosa langu. Nilitaka wenzangu waione vizuri. Nikachukua mkasi wa dukani, nikakata ile stempu na muhuri wake, duara zuri kabisa, nikabandika kwenye daftari kwa gundi, pembeni nikachora maua. Bahasha iliyobaki nikawashia jiko. Jumapili nikampelekea Mzee Gaudensi daftari, ninacheka meno yote nje.

Alilitazama. Akalifunga. Akaniuliza bahasha iko wapi, nikamwambia.

"Umewashia jiko," akasema. Hakupaza sauti, heri angepaza. "Nani sasa atajua kwamba ilikuja kwako? Anwani uliandika kwa mkono wako. Nyuma kulikuwa na muhuri wa kupokelewa hapa mjini. Kona ilikunjwa na mtu asiyemjua hata mmoja wetu. Vyote hivyo ndiyo safari yake. Wewe umebakiza uso, mwili umeuchoma."

"Nisamehe, babu. Nilitaka ipendeze."

"Hukutumwa uipendezeshe. Bahasha unaiweka nzima. Ikija na tope, na tope lake. Mtu akiichafua njiani, na uchafu wake. Umenielewa, binti?"

Nilimwelewa. Niliondoka pale nimeinama, sikuona hata njia ya kwenda nyumbani. Lakini angalia, mwanangu: alinikemea kwa sababu nilikuwa nimekosa, na alijua kosa langu liko wapi, akaniwekea kidole juu yake. Hilo lishike, tutalihitaji.

Baada ya hapo sikukata tena. Nilipata sita nzima kwa jina langu. Mzee alikuwa nazo kumi na moja za tangu ujana wake, na macho yake yalipoanza kufunikwa na mtoto wa jicho akanipa zote ndani ya kisanduku cha bati. "Mimi sizioni tena. Zione wewe," akasema. Kumi na moja na sita, kumi na saba. Zote za Bibi Mkubwa.

Halafu mtandaoni nikasoma kwamba manowari ile inastaafishwa. Imechakaa. Siku ya mwisho kabisa, posta yake itagonga muhuri kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo karani anashuka na muhuri unavunjwa. Nilimkimbilia Mzee Gaudensi na baiskeli ya kuazima. Alikuwa amebakiwa na stempu moja tu ya nchi ile. Moja! Tukaibandika pamoja, mimi ninaelekeza, yeye anabonyeza. Tukahesabu wiki za barua kwenda, tukaona lazima itumwe wiki ileile au tusitume kabisa. Bahasha ya kumi na nane. Hakukuwa na ya kumi na tisa.

Nami sasa nilitaka kwanza picha ya zile kumi na saba, niwaonyeshe wale wa melini kwamba huku tunazitunza. Nikazipiga fotokopi dukani. Karatasi moja ikabaki kwenye mashine. Mteja aliyefuata akaikuta: picha ya meli yenye mizinga iliyochapwa kwenye bahasha, maandishi ya kigeni, na anwani ya Songea.

Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima unajua. Binti wa mama maandazi anaandikiana na jeshi la watu. Kufika alasiri nimekuwa jasusi. Mtu aliapa kwamba mwezi uliopita aliniona nimesimama barabarani nahesabu magari. Ni kweli nilisimama. Nilikuwa nangoja bodaboda.

Kesho yake asubuhi wakaja mpaka nyumbani, mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wawili. Wakakichukua kisanduku chini ya kitanda changu, nami nikaambiwa nifuate mpaka ofisi ya mtaa. Mama akafunga khanga kiunoni akafuata. Mzee Gaudensi naye akaitwa, akaja na fimbo yake, ananusa njia kwa miguu. Watu wamejaa mpaka dirishani.

Ndipo mtendaji akatoa muhuri. Nilipiga kelele, "Usigonge! Afisa, tafadhali, zitaharibika!"

"Kila kitu kinachoingia ofisini kinagongwa," akasema. "Ndiyo utaratibu."

Pa! Kumi na saba, nimeshakuambia. Nilimtazama Mzee Gaudensi. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, lakini masikio ya karani wa posta unadhani yanakosea? Alijua kila bahasha iliyogongwa.

Mtendaji alipomaliza akauliza, "Ndizo zote?"

"Zilizorudi zilizobaki zote ni hizo," nikajibu. Sikudanganya. Ya kumi na nane ilikuwa haijaenda bado, ilikuwa mfukoni mwa sweta langu, chini ya mkono wangu.

Mwenyekiti akasukuma karatasi mbele yangu. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Ilisema kwamba mimi, Skolastika, nakiri kuwasiliana na jeshi la kigeni kinyume cha taratibu, na ninaahidi kuacha kabisa kuandika na kupokea barua za aina hiyo. Chini, mahali pa saini.

"Saini, yaishe," akasema. "Wewe bado mtoto. Hatutaki kukupeleka mbali."

"Skola," mama akaninong'oneza, "saini twende. Unga wangu unaumuka."

Sauti ya nyuma ikasema, "Mwacheni, anataka kuolewa na meli!" Ofisi nzima ikacheka. Na mimi ungeniuliza wakati mwingine ningecheka, maana ni maneno mazuri.

Ndipo Mzee Gaudensi akasimama. Nikafurahi, nikajua sasa atawaeleza. Atawaambia kuhusu karani wa melini, na muhuri, na miaka yake yote. Akageukia upande ambao alidhani nipo.

"Saini, binti," akasema. "Tusiwasumbue watu. Bahasha ni karatasi tu."

Mwanangu, kicheko hakikuniumiza. Hata muhuri haukuniumiza hivyo. Lakini mtu yule, aliyenifundisha kuiweka hata na tope lake, kusema karatasi tu! Niliona ameikumbatia fimbo kwa mikono miwili, nikaelewa. Alikuwa anaogopa. Alikuwa ananiogopea mimi.

Nikachukua kalamu. Mama akashusha pumzi. Nikaisoma tena ile karatasi, neno kwa neno, kama ninavyosoma vyeti vya watu kabla ya kutoa nakala. Halafu nikaiweka kalamu chini.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba," akajibu kabla hajafikiri. Watu wakacheka kidogo.

"Karatasi hii inasema nimekosa. Mimi nimeandika barua ya heshima, nimeipeleka posta mchana, nimeweka stempu, nimepokea majibu dirishani mbele ya watu. Nionyeshe kosa liko wapi hapo. Ukinionyesha, nitasaini hii, na nyingine nitakufotokopia mwenyewe."

"Unabishana na mimi?"

"Nakuuliza."

"Hujasikia mzee wako amesema usaini?"

"Nimemsikia. Nampenda sana. Na sitasaini."

Mwenyekiti akanitazama, akaitazama karatasi yake yenye mwandiko mzuri, akaikunja.

"Basi kisanduku kinabaki hapa mpaka wakubwa wakikague," akasema. "Na wewe ukituma nyingine, tutajua."

Usidhani nilikuwa shujaa. Nilitoka pale mikono mitupu. Mama alinitangulia njia nzima, na nyumbani unga ulikuwa umefurika beseni mpaka chini.

Kisanduku kilikaa ofisini wiki tatu. Mkubwa mmoja akapita, akakifungua, akauliza hivi ni nini, akaelezwa, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema mrudishieni mtoto vitu vyake. Mwenyekiti alinikabidhi bila kunitazama: "Haya, chukua takataka zako." Nikapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.

Lakini nilipofungua nyumbani! Kila bahasha, IMEPOKELEWA, zambarau, nyingine imekaa juu ya anwani, nyingine imegusa muhuri wa meli. Nikazipeleka Mshangano kwa Mzee Gaudensi kama mtu anayepeleka msiba. Akasogea dirishani, akaibandika moja kwenye pua, akaitazama muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Muhuri wa manowari na muhuri wa ofisi ya mtaa," akasema, "bahasha moja! Skola, zunguka dunia nzima uniletee mtu mwingine mwenye hii."

"Hazijaharibika, babu?"

"Zimesafiri zaidi." Halafu akainama. "Siku ile niliogopa, binti. Unisamehe."

Sikujua nitazame wapi. Mtu mzima kukuomba msamaha ni jambo zito. Nikainuka nikamchotea maji ya kunywa, ingawa hakuwa ameomba.

Na ya kumi na nane ilirudi. Ilikaa miezi mitano, mpaka nilikuwa nimeshaizika moyoni, kisha ikarudi na kona moja imekunjwa. Muhuri wa siku ya mwisho. Mzee kwa wakati huo hakuona kitu tena. Akapitisha kidole taratibu juu ya duara, akauliza kama umenyooka. Nikamwambia umenyooka. Akaniambia nisome tarehe, nikasoma. Akaniambia nisome tena.

Sasa nisikilize, mwanangu, ndicho nilichokuitia.

Mkubwa akikukemea kwa kosa na akakuonyesha kosa lenyewe, kaa chini, inamisha kichwa, jifunze. Mimi bila kukemewa kwa ajili ya mkasi nisingekuwa na kitu. Lakini mkubwa akikuambia uache, na ukatazama ukaona hakuna kosa, kuna hofu tu, hiyo hofu ni yake. Mpe pole. Mwamkie. Mchotee maji. Kisha endelea. Heshima hainyimwi mtu, na saini haitolewi kwa kuona haya.

Watakucheka. Wengine watakucheka vizuri, cheka nao, haipunguzi kitu. Wasikuvunje kwa hilo. Na wakikuchafulia kitu chako, usikitupe, wala usikikate ubakize pale panapopendeza. Kiweke chote, pamoja na alama yao. Kesho wao ndio watakaokuwa mapambo yako. Usiandike popote kwamba umekosa kwa sababu tu umependa kitu ambacho jirani hakielewi. Ukiandika mara moja, watakuletea karatasi nyingine.

Mungu akupe mgongo ulionyooka na moyo usioota kutu. Akupe mtu mmoja wa kukuelewa, mmoja anatosha. Na unachokingoja kutoka mbali kikufikie, hata kama kona imekunjwa.

Sijakuambia ile ya kumi na nane ilivyoondoka. Ilikuwa asubuhi baada ya kikao. Sikumuaga mama, sikupita Mshangano. Nilitembea mpaka posta kwa miguu, ukungu bado umekaa juu ya milima ya Matogoro, nikasimama mbele ya sanduku la barua. Mzee Gaudensi kila mara nyuma ya bahasha ya nje, mahali pa mtumaji, aliandika namba ya sanduku lake la posta peke yake, bila jina, na mimi nilimfuata hivyohivyo. Siku ile nikatoa kalamu, nikaiegemeza bahasha ukutani, nikaandika kwa herufi kubwa jina langu, la baba, na la babu, na chini yake Bombambili, Songea, Tanzania. Nikapuliza wino ukauka. Nikatazama kushoto na kulia, siyo kwa kujificha, nilitaka kama kuna mtu aone. Hakukuwa na mtu. Nikaitumbukiza.